Mnazi Katika Shamba la Muhogo

Baya mgema ndiye aliyeuona kwanza, maana mgema huona mengi kuliko jirani yeyote.

"Dada Mbodze!" aliita kutoka kileleni. "Siku hizi wapanda minazi katikati ya muhogo?"

Mbodze wa Fondo alikuwa kibarazani, akishona makuti ya hoteli moja ya Malindi. Hakuinua kichwa. "Shuka, Baya. Tembo limekupanda kichwani kabla hujaliteremsha."

"Mimi nasema nionacho. Kule kwa mgeni wako kumechomoza kitu. Muhogo hauna jani lililopasuka kama mkia wa mbayuwayu."

Mikono ya Mbodze ikasimama.

Mgeni huyo alikuwa Nyevu, mwanamke kijana aliyeshuka kutoka Ganze mwaka ule mbuzi walipokufa kwa ukame. Mumewe, Ruwa, alipata kibarua cha kukwangua chumvi kwenye mabwawa ya Gongoni. Mbodze aliwaazima kipande cha shamba kando ya mpaka wa kusini, kwa kuwa naye alizaliwa Ganze na kuletwa pwani akiwa bi harusi, na hakusahau ladha ya maji ya kule. Aliwaambia neno moja tu: muhogo, mahindi, kunde, pandeni mtakavyo. Mti wa kudumu, hapana.

Alikuwa na sababu ya kulisema. Mkwewe, mzee Thoya, naye aliazimwa shamba hilohilo na tajiri mmoja wa Mambrui ili alime muhogo. Mwaka wa pili alichomeka mnazi mmoja kati ya mashina ya muhogo, mwaka wa tatu akachomeka mingine. Tajiri alipofariki na warithi wake kuja kudai, walikuta minazi imewapita urefu. Wazee wakauliza swali moja tu: nani aliyepanda? Hati haikuwapo wakati ule, na mpaka leo haipo. Minazi ndiyo hati ya Mbodze, na akimwacha mwingine apande, ndiyo mwisho wa shamba lake.

Jioni alijipitisha kwa Nyevu kama mtu anayetafuta kuku.

"Mwanangu, muhogo wasemaje?"

"Muhogo hausemi, hawe, waota tu," Nyevu alijibu. Alimwita hawe, yaani bibi, tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza neno hilo lilikuwa tamu.

"Hakuna kingine kiotacho?"

"Magugu, hawe. Hayo hayakosi."

Magugu! Mbodze alirudi nyumbani akilitafuna neno hilo. Sasa mambo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Kwa nini Ruwa alisimama juzi mpakani akitazama huku na huku? Kwa nini Nyevu alihamisha kichanja cha vyombo upande ule? Na ule unga wa mahindi aliomletea Mbodze alipougua, ulikuwa wa huruma au wa kumziba macho? Alitaka kujikanya. Lakini mzee Thoya pia, wasimuliavyo, alikuwa mkarimu sana kwa yule tajiri.

Asubuhi, Nyevu alipokwenda kisimani, Mbodze alichukua jembe. Mche ulikuwapo kweli, nazi imezikwa nusu, jani limesimama kwa kiburi. Akachimba pembeni, akaung'oa. Chini yake palikuwa na kitambaa kidogo kilichofungwa kwa uzi mweusi.

"Kirudishe, hawe."

Nyevu alikuwa nyuma yake, ndoo kichwani, mtoto mgongoni.

"Nini hiki?"

"Kitovu cha Kenga."

Jembe likamtoka Mbodze mkononi. Kila mama wa pwani hukizika kitovu cha mwanawe na kupanda mnazi juu yake. Hakuna autikisaye mnazi huo, wachilia mbali kuung'oa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniruhusu?"

Mbodze aliinama kuokota jembe. "Babake Ruwa hana shamba Ganze?"

"Analo, vumbi tupu. Mnazi utaota vumbini, hawe? Nawe watoka huko, wajua."

Maneno yote yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo Mbodze alipozidi kuogopa. Mtoto ambaye kitovu chake kimo ardhini si mgeni tena. Akakitazama kile kitambaa. Angeweza kuukata uzi na kujua kama kweli ni kitovu. Lakini kufungua kitovu cha mtoto wa watu ni kumtakia ugonjwa. Je, Nyevu alijua kwamba hatathubutu?

Akakirudisha shimoni bila kukifungua, akafukia udongo. Mche akaondoka nao.

"Jumapili njoo na mumeo," alisema. "Nitaurudisha mbele ya watu."

Jumapili wakaja akina mama washona makuti, akaja Ruwa na viatu vyeupe kwa chumvi, akaja Baya na kibuyu. Mbodze aliupanda mche palepale kwa mikono yake, akasimama.

"Nisikilizeni. Mimi Mbodze nampa mjukuu wangu Kenga mnazi mmoja, ndani ya shamba langu."

"Mmoja tu?" akauliza Baya.

"Mmoja. Nawe uliye na masikio mpaka mitini, umesikia."

Akina mama wakacheka. Baya akaonja tembo kwanza, kama ilivyo desturi ya mleta tembo, kisha akamwaga kidogo penye shina.

"Nyevu," akasema Mbodze, "wapokea?"

Kicheko kikakatika. Apokeaye zawadi amekiri mwenye mali ni nani; na nani angekataa zawadi ya bibi mbele za watu? Nyevu alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

"Napokea, hawe," alisema hatimaye, akatabasamu.

Mbodze alilichunguza tabasamu lile tangu mwanzo wake hadi mwisho, asipate kitu cha kushika.

Tangu siku hiyo hashonei makuti kibarazani. Amehamia nyuma ya nyumba, mahali muhogo unapoonekana wote. Nyevu naye amehamisha mafiga yake hadi mlango unaotazama mnazi. Kila asubuhi husalimiana vizuri, "hawe" na "mwanangu", kisha kila mmoja hutazama chini, ahakikishe kwamba hakuna jani jipya lililochomoza.