Kuku wa Mama Enelesi

Usiku wa Ijumaa iliyopita, wapendwa, nililala na karatasi za ushuhuda huu chini ya mto. Kurasa tatu, mwandiko safi, nimezikariri mpaka vituo. Leo nimeziacha nyumbani, na aliyenifanya niziache ni Bibi yangu Atuganile, ingawa tulimzika hapa hapa nyuma ya kanisa na wengine wenu mlibeba jeneza.

Nilimwota jikoni kwake. Amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo, wala hanitazami. Mnamkumbuka Bibi: hakuna mwinjilisti aliyepita kijijini bila kula kwake, na mgeni akikataa chakula alinuna wiki nzima. Nilifurahi mno kumwona. Nikasema, "Bibi, nimetoka misheni, Malawi! Siku kumi!" Najisikia, jamani, kama niliyevuka bahari, kumbe ni Mto Songwe tu hapo.

Hakunipongeza. Aliuliza, "Ulikula?"

Hapo ukuta wa jiko ukawa si wa kwetu tena. Ni wa Mama Enelesi, yule mjane mzee aliyenipokea siku tatu za kwanza kule ng'ambo. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Jioni ya kwanza nilimkuta uani anamkimbiza kuku, na kuku alikuwa huyo huyo mmoja. Nikamhurumia. Na niseme kweli, niliogopa pia chakula cha ugenini kisinichafue tumbo. Nikamwambia kwa ule upole wetu wa watumishi, "Mama, usichinje. Nimemwahidi Mungu mfungo wa siku tatu." Uongo mtupu! Begi langu lilikuwa limejaa biskuti.

Akamwachia kuku. Akasema, "Basi tutafunga wote." Lugha zetu ni ndugu, sikuweza kujifanya sijaelewa.

Ndotoni naiona tena ile siku ya tatu. Mama Enelesi anapanda kutoka kisimani, ndoo kichwani, magoti yanamtetemeka, midomo imekauka, na anaimba. Anaimba, wapendwa! Mimi nimeketi kivulini na Biblia, nimeshiba. Na kwenye zile karatasi zangu niliandika kwamba mahubiri yangu yalimgusa mjane mmoja mpaka akafunga nami siku tatu. Mngepiga makofi, nawajua.

Bibi anainuka, analichukua begi langu, analikung'uta juu ya ungo. Karatasi za biskuti zinaangukia kwenye mchele, moja baada ya nyingine, na haziishi. Naziokota, zinaongezeka. Natamani anigombeze, alivyokuwa na mdomo yule! Anachambua tu, mchele huku, karatasi huku, taratibu, wala hana haraka ya kwenda popote.

Kisha analeta birika na beseni. Ananinawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu, vile alivyonifanyia nikiwa mdogo, na mimi nalia. Sahani ipo mezani, wali na kuku, mvuke unapanda. Njaa inanishika, njaa ya siku tatu, ile ambayo sikuisikia kule. Nanyoosha mkono. Bibi anaifunika sahani.

"Mwenye kuku hujamwambia," akasema.

Nikaamka. Nimekaa kitandani, nimekinga mikono mbele, mikavu, na mume wangu ananiuliza naomba nini.

Asubuhi nilimpigia mwinjilisti wa kule, nikamwomba ampelekee Mama Enelesi simu. Niliposikia tu sauti yake nikatoa yote bila hata salamu: "Mama, nilikudanganya. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nakula biskuti kitandani kwako."

Nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha pengo.

"Mwanangu, nyumba yangu ni chumba kimoja," akasema. "Nilikusikia tangu usiku wa kwanza. Kwaru, kwaru, kwaru, nikasema huyu ni panya au ni mgeni?"

Niliona aibu, sijui niwaambieje. Nikamuuliza, "Sasa, mama, kama ulijua, mbona uliendelea kufunga?"

Akajibu kama mtu anayeulizwa jambo dogo sana. "Si ulikuwa umeshamwahidi Mungu? Nikaona mmoja wetu lazima afunge."

Wapendwa, nimekaa kwaya ya kanisa hili miaka na miaka. Nimehudhuria semina za maombi mpaka madaftari yamenijaa ndani. Sijawahi kukutana na mtu wa namna ile. Mlinituma nipeleke Injili, nami nikaikuta imelala kwenye mkeka, imenipisha kitanda.

Mchungaji aliniambia nisizidishe dakika tano, na naona ananitazama. Namalizia. Kabla hatujaagana nilimuuliza habari za kuku. Alisema yupo, amemfungia uani, watoto wa jirani wamekatazwa hata kumgusa, kwa sababu ni wa mgeni.

Alhamisi narudi Malawi. Safari hii siendi kuhubiri. Naenda kula.