Gari la Mwalimu Lililomtia Wivu Mama Difu

Saa mbili asubuhi, Mama Difu amelala chali kwenye kadibodi, chini ya gari la mwalimu mstaafu. Magurudumu ya nyuma yako hewani. Analizungusha la kushoto kwa mkono, na la kulia linafuata upande uleule.

Anasonya. Anarudia. Upande uleule tena.

"Hili gari limefunguliwa," anasema. "Na anayelifungua ni mimi peke yangu. Miaka kumi na tisa!"

Kwa asiyejua ufundi, difu ndiyo inayoyagawia nguvu magurudumu ya nyuma. Kwa difu ya kawaida, gari likiwa juu ya jeki, ukizungusha gurudumu moja jingine huenda kinyume. Yakienda pamoja, ujue ndani kuna difu ya kubana, isiyoliachia gurudumu moja lizunguke bure kwenye utelezi huku jingine limesimama.

Mjini hapa anayezifunga ni mmoja tu: mdogo wake wa tumbo moja, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Mama Difu ndiye aliyemfundisha kushika spana. Leo mdogo anapokea magari ishirini kwa mwezi, dada yake sita.

"Wivu ninao, tena tele," anasema bila kupepesa macho. "Nikiona gari ninalolijua limeegeshwa kwake, chai hainishuki."

Mwaka jana mwalimu alimuuliza kama difu hiyo inalifaa gari lake, lenye umri wa miaka hamsini na mbili. Alimkatalia katakata. Ekseli zitavunjika, alimwambia, na gari la zamani liachwe kama lilivyotoka kiwandani.

"Nilikuwa na sababu, lakini si zote," anakiri. "Anayetembelea lami tu haimsaidii kitu. Lakini Mwalimu anakaa juu ya kilima cha changarawe, kila mvua gurudumu moja linachimba shimo. Ilimfaa, na nilijua. Ekseli zenyewe sikuzipima hata! Sikutaka tu kusikia habari za mdogo wangu."

Sasa mwalimu ameleta gari libadilishwe oili ya difu, kimyakimya, kama hakuna lililotokea. Difu ya kubana ina oili yake maalumu. Ukitia ya kawaida, siku chache tu itaanza kunguruma kila kona, na lawama zote zitavuka barabara.

Kopo la oili ya kawaida liko mkononi mwake. Analitazama kitambo.

"Haki ya Mungu, niliwaza kuitia hiihii," anasema. "Nani angejua?"

Analiweka chini. Anavuka barabara na ovaroli lake la grisi, mara ya kwanza kwa miaka minne.

"Shikamoo, dada," anasema mdogo wake, spana ikimdondoka.

"Marahaba. Nipe oili ya difu ya kubana, wewe uliyeniibia mteja."

"Sijakuibia, dada. Mwalimu aliniomba ninyamaze. Alisema ukijua utaumia."

"Nimeumia. Na zile ekseli?"

"Nilizipima kwanza, zinahimili. Si wewe uliyenifundisha kuzipima?"

Mama Difu anachukua kopo la oili hiyo maalumu, anarudi chini ya gari, anamimina oili taratibu hadi tone la mwisho.

Mwezi ujao anataka kufunga difu ya kubana kwa mikono yake mwenyewe, na mdogo wake amekubali kumwelekeza.

"Ila aje hapa kwangu, mimi kwake siendi tena," anasema akifuta mikono. "Na gari lake aliegeshe pale mbele kabisa, kutwa nzima, watu walione."