Blandina akataa kusafirishwa kama mzigo

Brashi inazama kwenye kopo la rangi nyeusi, inapanda, na samaki anazaliwa juu ya robota la mitumba. Wapagazi wanalinyanyua, linaingia kwenye lori la Tunduma.

"Huyo samaki ni wa Bakili!" anapaza sauti Blandina Lyatuu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. "Mkimshusha Makambako, mtamlipa nyinyi!"

Kitendawili: wote wamevaa gunia, ila kila mmoja ana chale zake. Ni mizigo ya Kariakoo. Bila alama, robota la Bakili, mteja wa Tunduma, linaishia kwa jirani yake.

Blandina, 54, aliianza kazi hii ya kuchora alama enzi za rukhsa, bidhaa zilipomiminika baada ya miaka ya maduka matupu. Mzigo mmoja ni shilingi mia mbili. Kwa mia mbili hizohizo, mjane huyu amesomesha mabinti wawili.

Mwaka juzi tumbo lilimvimba, akadhani gesi. Kumbe ni saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke. Akapasuliwa, akatundikiwa dripu za dawa, nywele zikapukutika, uvimbe ukaisha. Mwaka huu umerudi.

Basi wenzake wakamkatia tamaa. Kikundi chao cha wanawake wa sokoni, chini ya Siwema muuza vyombo, kikaamua apelekwe kwao Kilimanjaro "akapumzike". Kisha, kimyakimya, kikanunua vitenge vya sare ya msiba.

Blandina akaviona dukani kwa Siwema.

"Sare ya nini hii, shoga?"

Siwema akaanza kuvikunja. "Ya... shughuli."

"Shughuli yangu?"

Siwema akavisukuma nyuma ya masufuria.

"Nipe doti yangu! Mwenye shughuli ndiye mnamnyima?"

Siku hiyohiyo akaipeleka kwa fundi. Leo ameivaa kazini, zambarau yenye tausi, na rangi imeshaidondokea pajani.

"Nimewazindulia," anasema. "Watafute nyingine."

Siwema anajitetea huku akicheka kwa aibu: "Tulimhurumia. Ugonjwa umefyekwa ukachipua tena. Mtu afanye nini?"

Kwa nini umechipua tena, hilo Blandina alimuuliza anayemtibu, Daktari Shreya, binti wa Upanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze, mwanangu. Mlifukuza wageni wote, mbona nyumba imejaa tena?"

Daktari hakumficha. Dawa huua seli zinazozaliana haraka, alisema, lakini watafiti wanashuku kuna chache zinazojikausha, zikitulia bila kuzaliana, mpaka dawa ipite, kisha zinazaa upya. Wanaziita seli shina za saratani. Kwa macho zinafanana na zingine, hivyo husakwa kwa alama zilizo juu ya ngozi zake, zenye majina kama namba za gari: CD44, CD133.

"Kumbe nazo zimechorwa, kama robota!"

"Ndiyo, mama. Shida ni kwamba hata seli njema nyingine zina alama hizohizo. Inabidi tuangalie mbili tatu kwa pamoja."

Ndipo daktari akamwomba: akipasuliwa tena, kipande cha uvimbe kiende kwenye utafiti. Akaongeza kwamba matokeo yake huenda yasimfae yeye.

Siwema aliposikia, alipandisha mori: "Nyama ya mwili wako wakachezee? Na hupati kitu?"

"Shoga, huo uvimbe umenila miaka miwili bila kuniomba ruhusa. Leo nimwonee haya mwizi huyo? Wamkamate, wamchunguze alama zake zote. Asiponifaa mimi, atawafaa mabinti zangu. Na wako."

Jumatatu Blandina anapasuliwa. Siwema ndiye atakayempeleka hospitali, duka atalifunga.

Blandina anajua huenda dawa zisishinde, na hapendi kudanganywa. Anachokataa ni kuzikwa kwa kura ya kikundi. Akipona kidonda atatundikiwa dripu tena, na kati ya dozi na dozi atachora, mkono ukikubali.

Na Kilimanjaro?

"Kilimanjaro nitakwenda Desemba, Krismasi, kama Wachaga wenzangu," anasema, akichovya brashi. "Nitakwenda nimekaa kwenye kiti. Cha dirishani."