Boga la Somo la Sehemu

Miaka ile ya tisini, kijijini kwetu, si mbali na Kasokola, mwalimu wa hisabati wa darasa la nne alikuwa na kipaji kimoja tu: kula. Somo la sehemu alitufundisha kwa chakula chetu wenyewe. Kila kundi la watoto wanane lilileta kitu cha kugawana, muhogo, viazi au karanga, naye alipita kundi kwa kundi akisema, "Ngoja nisahihishe," kisha anatia mdomoni. Siku za sehemu hakwenda nyumbani kula mchana.

Zamu yangu ilipofika nilileta boga la kuchemsha. Ndilo lililokuwa chakula changu hadi jioni, maana ulikuwa msimu wa kupalilia na mama alishinda shambani. Nyumbani hapakuwa na hata ukoko.

Mwalimu alipoinua kisu, kiherehere kikanishika. "Mwalimu, kwetu anayekata anachukua mwisho."

Ndivyo tulivyolelewa, watoto saba kwenye sinia moja. Ukikata vibaya, kipande kibaya ni chako. Hatukuhitaji rula.

Alicheka, akanipa kisu. "Haya, profesa, kata wewe. Na nyie mtazame."

Nikakata vipande vinane, na hata mlafi asingejua aanze na kipi. Nikasimama pembeni kama nilivyofunzwa, wenzangu wakachukua mmoja mmoja. Kikabaki kimoja, changu. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Ngoja nisahihishe."

Alikila chote, mbegu akazitemea dirishani. Akafuta kidevu, akauliza, "Kila mmoja amepata ngapi?"

"Moja ya nane!" wakaitika, midomo imejaa.

Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, hakuweza kuhesabu watoto wanane na vipande vinane. Au aliweza vizuri sana.

Akanigeukia. "Na wewe?"

Jibu nilikuwa nalo, na tumbo lilikuwa linalisema. Lakini fimbo ilikuwa juu ya meza.

"Moja ya nane, mwalimu."

Nilimdharau kwa ulafi wake, na bado namdharau. Siku ile, hata hivyo, nilijidharau mwenyewe zaidi. Alichukua daftari langu akanipigia vema kubwa, na pembeni yake ikabaki alama ya kidole chake, ya njano, ya boga langu.