Ua la Marehemu Advera

Mtaani Isevya, msiba ukitokea, kabla hata turubai halijafungwa watu walikuwa wakiulizana, "Mama Raymundi ameshafika?" Mama Raymundi ni Koleta, mjane aliyezaliwa Kigwa na kuolewa mjini, ambaye wanajumuiya wenzake walimwamini kuliko kufuli. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha vitu: sukari, mchele, mafuta, sufuria za kuazima, na mali za marehemu ambazo ndugu walikuwa hawajakaa kuzigawana. Wanawake waliozoea kufunga wali pembeni na kuuficha chini ya kanga, yeye aliwatazama tu, nao wakaurudisha.

Ndiyo maana alipofariki rafiki yake Advera, mwishoni mwa masika, hakuna aliyeuliza nani ashike ufunguo.

Koleta na Advera walijuana tangu wakiwa wake wachanga. Walilea pamoja, wakawa wajane pamoja, na Advera alipolala kitandani asiinuke tena, Koleta ndiye aliyemwogesha. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimkereketa miaka yote hiyo: ua la Advera. Lilikaa barazani kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa matundu chini. Majani yake mapana yalikuwa ya kijani kibichi juu na ya zambarau chini, yametapakaa madoa meupe kama mtu amepaka chokaa ukutani na kurusha matone. Kila Koleta alipoomba kijiti akapande, Advera alicheka. "Ngoja lichipue vizuri, shoga yangu." Likachipua na kuchipua. Kijiti hakikuja.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokwisha kutawanyika, Koleta alibaki kufunga chumba. Barazani hapakuwa na mtu. Alilitazama lile ua, akajiambia kwamba vijana wa siku hizi hawajui maua, litakufa kwa kiu tu. Akajiambia pia kwamba mikono iliyomwogesha Advera mpaka siku ya mwisho haistahili kurudi mitupu. Akalizungushia kitenge, akaita bajaji.

"Mama, mbona kizito hivi? Ni nini?" dereva akauliza akimsaidia kupandisha.

"Sufuria za watu," Koleta akasema, na wepesi wa jibu lile ukamshangaza mwenyewe.

Alipofika nyumbani ndipo alipoona ugumu wake. Ua lile lilijulikana, na ile ndoo ilijulikana zaidi. Barazani kwake, ambako wanajumuiya wote hupita wakienda misa ya asubuhi, halingekaa hata siku moja bila kuulizwa. Basi akalihamishia kwenye beseni jipya la plastiki, ndoo akaitupa shimoni nyuma ya choo, na ua akalisukuma chumbani, kwenye kona kati ya kabati na ukuta, dirisha likiwa limefungwa na pazia limeshushwa. Kila asubuhi alilimwagia maji. Alilimwagia mengi, kama anayelipa fidia.

Haikuchukua muda majani yakaanza kuwa manjano. Akaongeza maji. Majani yakalegea, yakadondoka moja moja sakafuni, na mashina yaliyokuwa magumu kama vifundo vya muwa yakawa laini kwa chini. Chumba kikaanza kunuka harufu ya tope lililolala. Wageni wakija, Koleta alifunga mlango wa chumba na kuketi karibu na mlango wa nje. Raymundi, mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alipopiga simu kusema anakuja kumsalimia, mama mtu alimwambia asijisumbue, nauli imepanda. Akakata simu, akalia. Hakuwahi kumkataza mtoto wake nyumbani.

Hatimaye alikwenda kwa Julieth, mtoto wa pekee wa Advera, aliyehamia kwenye nyumba ya mama yake baada ya mazishi. Alikwenda kama anayekwenda kumjulia hali. Julieth alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama mdogo. Karibu, karibu ndani."

"Marahaba mwanangu. Unaendeleaje na upweke?"

Wakanywa chai. Koleta akaizungusha habari mbali, mvua, bei ya mchele, mpaka akafika alikokuwa akienda. "Hivi marehemu lile ua lake alikuwa akilitunzaje? Kuna mtu ananiuliza."

Uso wa Julieth ukabadilika. "Bora usinikumbushe, mama mdogo. Mama alipozidiwa, aliyekuwa akilimwagilia ni Ng'washi, yule dada wa Igunga aliyepanga chumba cha uani. Na ni yeye aliyeliuza."

"Aliliuza?"

"Nani mwingine? Nimeamka kesho yake baada ya kuanua matanga, ua halipo, ndoo haipo. Yeye ndiye alikuwa akilishikashika. Amekana mpaka machozi yamemtoka, lakini nilimwambia atafute pengine, akaondoka na watoto wake. Sasa watu wanamwita Ng'washi wa ua." Julieth akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye ulikuwa na ufunguo, mama mdogo. Siku ya kuanua matanga hukuona kitu?"

Hapo palikuwa na nafasi. Koleta aliiona waziwazi kama mlango ulioachwa wazi. Chai ilikuwa mdomoni, akaimeza.

"Sikuona," akasema.

Alirudi nyumbani kwa njia za nyuma. Hakuwa na sababu, hakuna aliyekuwa akimfuata, lakini barabara kubwa ilikuwa na watu wa kumsalimia, na kila anayemsalimia angemwita kwa heshima. Usingizi ulimpaa. Alichokuwa amekichukua kilikuwa ua. Alichokuwa amekitoa ni mwanamke mzima na watoto, barabarani, na jina baya juu.

Kulipokucha alikwenda Gongoni, ambako alisikia Ng'washi anakaanga mihogo karibu na maduka. Alimkuta ameinama juu ya karai, moshi machoni.

"Mwangaluka, mayu," Ng'washi akamsalimu kwa lugha ya kwao, kama alivyokuwa akimsalimu siku zote pale kwa Advera.

Koleta akaitikia, akaagiza mihogo ambayo hakuwa na hamu nayo. Akasimama. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, ua likinyauka huku linamwagiliwa huwa lina tatizo gani.

"Ua gani?"

"Lile la majani ya madoa."

Ng'washi akaacha kugeuza mihogo. Alimtazama Koleta kwa muda, kisha akatazama tena karai. "Liko kwako, mama."

Mafuta yalikuwa yakichemka. Mteja mmoja alisogea, akahudumiwa, akaondoka.

"Liko kwangu," Koleta akasema.

"Linaoza?"

"Linaoza."

"Basi leo hii litoe kwenye maji. Kata mizizi yote myeusi, mashina uyakate mpaka ufike pagumu. Yaache yakauke kidogo kivulini, ndiyo uyapande kwenye udongo wenye mchanga, chombo chenye matundu. Usimwagilie mpaka kidole kikute pakavu. Na likae pa jua la asubuhi." Alisema yote hayo bila kuinua macho, na Koleta angependa atukanwe kuliko kufundishwa vile. Kisha Ng'washi akafuta mikono kwenye aproni. "Mchana nikimaliza kuuza, twende kwa Julieth. Ukaseme mbele yangu."

"Sitaweza, mwanangu."

"Mimi niliweza kuhama."

Koleta alikwenda kulitoa ua kwenye beseni. Mizizi ilikatika mikononi mwake kama ugali uliochacha. Katika mashina yote, matatu tu yalikuwa na kipande kigumu. Aliyalaza juu ya gazeti na, mchana ulipofika, akajifunga kanga, akampitia Ng'washi, wakaenda.

Julieth alidhani wamekuja kupatana. Alikuwa ameanza kusema kwamba yaliyopita yamepita, Koleta akamkatiza, kwa sababu alijua akimwacha amalize atashindwa. "Ua nililichukua mimi. Siku ya kuanua matanga. Ng'washi hajui chochote. Na ulipouliza nikakudanganya."

Julieth hakupiga kelele. "Nilimfukuza mtu, mama mdogo," akasema. "Nilimfukuza na watoto wake, halafu wewe ukaja ukanywa chai yangu." Akamgeukia Ng'washi, akamwomba msamaha, akamwambia chumba chake bado kipo.

"Chumba nimeshapata," Ng'washi akajibu. "Nataka jina langu tu. Kauseme ukweli kwa waliolisikia likichafuliwa."

Koleta akausema mwenyewe, kwenye sala ya jumuiya, amesimama na kushika kiti kwa mikono miwili. Wanawake walimwonea huruma. Apolinaria, mwenyekiti wao, alimshika bega na kusema, "Jamani, si ua tu? Mama Raymundi, keti." Huruma ile ilimchoma. Walikuwa tayari kumsamehe upesi upesi, na wala hakuna aliyemtaja Ng'washi. Ilibidi asimame tena. "Si ua tu," akasema. "Kuna mtu mlimwita mwizi. Mwizi ni mimi." Safari hii hakuna aliyemwambia aketi.

Msiba uliofuata walimletea ufunguo kama kawaida. Aliukataa, akaenda kukaa na wanaomenya vitunguu.

Mashina mawili yalioza. La tatu lilisimama, kavu, bila jani, barazani mbele ya nyumba, kwa kuwa jua la asubuhi halikuwa likifika kwingine. Wapitanjia walisimama. "Ndilo lile?" Koleta aliitikia, "Ndilo," kila mara, na kila mara shingo ilimwaka moto. Kiangazi kizima alikuwa akichovya kidole udongoni na kujizuia kumwaga maji. Mvua zilipokaribia, kichipukizi kikatoka ubavuni, chekundu, kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Alimpelekea Julieth habari, akamsihi aje achukue mali ya mama yake. Julieth alikuja, akalitazama kwa muda mrefu. "Libaki hapa," akasema. Koleta hakujua kama amesamehewa au amehukumiwa, na hakuthubutu kuuliza.

Lilipotanuka, alikata kijiti, akakipanda kwenye kopo, akaenda nacho Gongoni. Ng'washi alikuwa na wateja. Aliwamaliza kwanza, ndipo akalitazama kopo.

"Umemwomba Julieth?"

Wateja wawili waligeuka. Koleta, mwanamke wa umri ule, aliona uso ukimvimba kwa haya, lakini alijibu kwa sauti ya kusikika.

"Nimemwomba. Amekubali."

"Haya. Liweke hapo, mbali na moshi."

Akaliweka. Ng'washi akamfungia mihogo kwenye gazeti, akamnyooshea, kisha akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa akisubiri.