Mkaguzi wa Ukoo

Katika ukoo wetu kijana akitaka kuoa, natumwa mimi. Si mama yake, maana mama huwa ameshapenda. Si wanaume, maana wanaume wakishapewa kuku na soda wanarudi wakisema familia ni nzuri sana. Natumwa mimi, waya, yaani shangazi, ndivyo wanavyoniita watoto wa kaka zangu, nikakae kwa kina msichana muda wa saa nne au tano nikitazama. Nani mlevi, nani ana kifafa, nani anaongea peke yake. Naomba maji nione yataletwa na nani na kikombe kikoje. Nakaa mpaka adabu iwaishie, na hapo ndipo watu hujitokeza walivyo.

Nimekataa wasichana wawili kwa kazi hii. Mmoja wa Asembo Bay, ambaye mjomba wake alikuwa na kikohozi kisicho na mafua wala kifua, khe, khe, kila baada ya maneno mawili. Mwingine wa hapa Kisumu, ambaye kaka zake hawakuweza kukaa kitini muda wa kumaliza chai. Nilirudi nikasema, hiyo nyumba ina kitu. Basi. Hakuna aliyeniuliza kitu gani. Vijana wale wameoa kwingine, na mmoja mke amemkimbia, lakini hilo si langu. Mimi nilikagua damu, sikukagua tabia.

Sasa kijana huyu wa tatu ndiye niliyemlea. Baba yake, kaka yangu, alikufa mtoto akiwa mdogo, mama yake akaolewa tena, naye akabaki na mimi na cherehani yangu pale Kibuye, ninaposhona sare za shule. Tangu darasa la pili bega lake la kulia linaruka lenyewe. Linatulia miezi, kisha linarudi na kijisauti cha kooni, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.

Yawa, mngesikia walivyosema watu! Bibi mmoja alisema mtoto alishtushwa na kiboko kule ufukweni Dunga. Kiboko gani? Mtoto hajawahi kumwona kiboko ila kwenye jalada la daftari. Wazee wakasema alipewa jina la babu asiyefaa, wakamwongezea la babu mwingine, jogoo akachinjwa, wakala, wakajipangusa midomo, na bega likaendelea. Mchungaji akamwekea mkono kichwani akakemea kwa lugha tatu. Bega likamjibu palepale, mbele ya kanisa zima. Walimu ndio walikuwa wajinga kuliko wote. Walimchapa kwa kuchezacheza darasani, halafu wakamchapa tena kwa kuwa baada ya kuchapwa lilizidi. Na mimi nilimwambia wacha. Asubuhi wacha, jioni wacha, kana kwamba mtoto alikuwa akifanya hivyo kuniudhi.

Masomo yalimshinda, na si kwa ujinga. Angeanza hesabu ya kwanza, asikie pikipiki barabarani, ajue plagi yake imechoka, na hesabu imekwisha hapo. Leo anatengeneza injini za boti Dunga, na wenye boti humngoja yeye hata kama kuna fundi mwingine amekaa bure. Akiwa ameinamia injini hatingishiki. Hilo nalo hakuna mzee aliyewahi kulieleza.

Msichana aliyempata huleta mchele kutoka Ahero na kuwauzia wenye hoteli za samaki pale ufukweni. Walikuwa wamejuana miaka miwili kabla kijana hajaniambia. Alikuja jioni moja, akazungukazunguka chumba, akashika hiki akaweka, akashika kile akaweka, mwishowe akasema, "Waya, nenda ukawaone. Lakini nenda polepole. Huyu ndiye wa kwanza ambaye hajaniuliza bega lina nini. Nikimkosa, sitafuti mwingine."

"Unanifundisha kazi yangu?" nikamwambia.

Nilikwenda Ahero na binamu yangu, mwanamke mwenye kicheko cha karibu. Nyumba yao iko juu ya msingi mrefu, maana maji ya mafuriko yanawajua. Msichana mwenyewe sikumwona na kasoro, na baba yake ni mtu wa maneno machache. Lakini mama! Alianza kunimiminia chai, kikombe kikafika nusu akamkumbuka kuku. Akamwacha kuku na manyoya yake akakumbuka mchele ulioanikwa uani. Nilikaa na nusu kikombe saa nzima. Kisha akaja mdogo wa msichana, wa miaka kumi hivi, na maji ya kunawa. Akapiga goti vizuri, akamimina bila kumwaga. Na hapo nikaona. Macho yakabana mara mbili, kwa nguvu, na mdomo ukavutwa kuelekea sikio. Akamimina tena. Yakabana tena.

Aha, nikajisemea. Nimewapata.

Tulipoaga, mama alirudi ndani kututolea mchele wa zawadi. Sisi wawili tukatangulia langoni. Binamu akaniuliza nimeona nini, nami badala ya kumjibu kwa mdomo nikamwonyesha. Nikabana macho mara mbili, nikavuta mdomo kuelekea sikio. Binamu akacheka mpaka akashika ua. Nikarudia, kwa sababu alicheka.

Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa amesimama nyuma yetu na mfuko wa mchele mikononi.

Hakulia. Aliuweka mfuko chini, akatuaga kwa heshima zake zote, "Safari njema, mama," akarudi nyumbani akitembea. Nikajiambia watoto hawaelewi. Nikaubeba mchele. Nikaula pia, na ulikuwa mtamu.

Kesho yake nikamwambia kijana, hiyo nyumba ina kitu.

Alicheka kwanza. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaitandaza juu ya meza ya cherehani. Alikuwa amekwenda hospitali bila kuniambia, mtu mzima na ndevu zake, kuuliza habari za bega. Daktari akamuuliza habari za jamaa zake wote na kuwachora, wanaume visanduku, wanawake viduara, mistari ikiwaunganisha. Pembeni ya wengine kulikuwa na alama moja, wengine mbili.

"Alisema viungo kuruka na akili kutotulia ni mambo yanayotembea pamoja katika koo nyingi," akaniambia. "Huyu anapata bega, yule anapata akili inayorukaruka, mwingine anapata vyote. Si pepo, Waya. Si malezi. Huzaliwa nayo mtu."

"Daktari gani huyo? Kijana tu, nadhani hata mke hana."

Akaweka kidole juu ya karatasi. Hapa baba yake, aliyechimba visima vitatu na kufikia maji katika kimoja. Hapa babu, baba yangu mimi, ambaye tulimjua anakuja nyumbani kwa ule mguno wake wa koo, na sisi tukasema ni heshima ya mwanamume mkubwa. Heshima! Mzee wa watu hakuwa na uwezo wa kuunyamazisha. Kisha kidole kikafika kwenye kiduara chenye alama mbili.

"Na huyu mwenye vyote ni nani?" nikauliza.

"Wewe."

Nilivuta pua. Navuta pua tangu utotoni, mara tatu tatu, na siku zote nimesema ni vumbi la vitambaa, hata nilipokuwa sijawahi kushika kitambaa. Naye hakucheka. Alitazama tu ukutani kwangu: rundo la mashati yasiyo na mikono, sweta isiyomalizika ya mtoto ambaye sasa yuko chuo kikuu, na dirishani nje, banda la kuku lisilo na paa. Nilimwambia atoke na karatasi yake. Akaikunja vizuri, akatoka.

Wiki hiyohiyo jagam, yule anayepeleka maneno kati ya pande mbili za ndoa, akaja kutoka Ahero. Mtoto alikuwa amemweleza mama yake yote. Jagam hakukaa hata kitini. "Kijana wanamtaka," akasema. "Bega lake walishaliona zamani, na la kwao wanalo. Lakini mtu aliyekuja kuwatazama asirudi tena."

Nikamtukana. Nikaitukana Ahero na mafuriko yake, nikamtukana mama asiyeweza kumaliza kikombe cha chai. Alipoondoka nikabaki na aibu, na ninaisema wazi kwa kuwa sijawahi kuwa nayo nyingi kiasi hicho. Wakati kijana wangu yuko darasa la nne niliwakuta watoto wakimwigiza bega njiani, nikamfukuza mmoja wao kwa rula ya kushonea mpaka akapoteza kiatu. Nililia siku ile. Sasa mimi, na mvi zangu, nimesimama kwenye lango la watu nikifanya upuuzi uleule, tena kwa mtoto aliyetoka kuninawisha mikono. Mtu wa hovyo kabisa. Ningemkuta mtu kama mimi katika nyumba ya watu, ningerudi nikisema hapo msioe.

Siku ya kupeleka mahari ilipokaribia nilishona gauni, kitenge cha bluu, na nikalimaliza, mikono na pindo na vifungo. Nilikuwa nimeamua. Alfajiri ya siku yenyewe kijana akaja kuchukua vyombo, nikamwambia nitakwenda, na nitamwomba yule mtoto msamaha mbele ya wote, wazee wao na wazee wetu.

Alisimama mlangoni. Bega likaruka, likaruka tena.

"Nilimuuliza mama yake," akasema. "Nilijua utataka. Alisema wewe ukionekana, mtoto atajificha jikoni siku nzima. Na leo ndiye atakayewanawisha wageni mikono, Waya. Ameomba mwenyewe."

Akatazama lile gauni kwenye msumari, kisha chini.

"Dada yako mdogo ndiye atakayekaa mahali pako. Hana nguo ya maana."

Nikalitoa msumarini. Nikalikunja, nikampa.