Mvunja Mstari wa Nyakahura

Saa kumi na mbili asubuhi mchakamchaka wa shule umeshapita ghala la kijiji na vumbi linatua. Mwalimu Verediana Bartholomayo amebaki na wanafunzi wanne. Wanachomoka kutoka ghalani hadi goli la mpira kwa kasi yote waliyonayo, kisha wanarudi wakitembea, mikono kiunoni.

"Polepole," anawaambia. "Nani kawatuma mkimbie kurudi?"

Huko kutembea ndiko kulikomletea kesi. Nyakahura ni kijiji cha ujamaa, na mtoto aliyesimama asubuhi yote hii huitwa mvivu bila kuulizwa. Leo Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Idefonsi, anakuja kujionea. Asiporidhika, mazoezi yanakufa, na mchujo wa mbio za shule mjini Biharamulo ni Jumamosi.

Verediana, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, alipokea mchakamchaka huu kutoka kwa mumewe, Ansbert, mgambo aliyekwenda vitani mwaka jana, 1978. Ansbert hakuwa na mzaha: mstari mmoja, hatua moja. Lakini kila asubuhi msichana mmoja aliwapita wa mbele, na kila asubuhi alifyeka nyasi kwa adhabu. Huyo ni Nimpaye, mmoja wa hawa wanne, binti wa Celestini, wa familia iliyotoka Burundi.

"Sikuwa mkaidi," Nimpaye anasema. "Miguu ilikuwa inanitangulia."

Verediana anacheka hadi anafuta machozi. "Tunatafuta mkimbiaji kijiji kizima, kumbe tumempa fyekeo."

Mzee Idefonsi anafika akikokota baiskeli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona wamesimama?"

"Wanapumzika."

"Kutoka hapo hadi hapo, wapumzike? Wazungushe shamba la pamba mara tatu."

"Mtoto ukimkimbiza amechoka, Mzee, unamzoesha mwendo wa pole. Mimi nataka miguu yake izoee kasi."

Mzee anaguna. Verediana anamwomba asimame golini awe mwamuzi, naye cheo hakikatai. Filimbi inalia. Mzee anageuka kidogo kuegemeza baiskeli, na anapoinua macho Nimpaye ameshampita, wenzake bado wako njiani.

"Warudie. Sikuona."

"Wapumzike kwanza, Mzee."

Hana la kufanya. Anakaa juu ya jiwe, anainuka, anakaa tena. Mjumbe wake mmoja anapita na jembe begani, anauliza watoto hawa wanangoja nini.

"Waache wapumzike," Mzee anamkemea. "Wewe mbio unazijua?"

Safari hii hapepesi jicho. Nimpaye anapita golini, na Mwenyekiti mzima anajikuta anapiga makofi peke yake. Kabla hajaondoka anaahidi kuwaombea nafasi kwenye lori la pamba Jumamosi.

Verediana amefurahi mno hata filimbi ameisahau mdomoni. Anataka Nimpaye achaguliwe wilaya, kisha mkoa. Na analo jingine. Vita vimekwisha, vijana wameanza kurudi, na salamu za Ansbert zimefika kwamba yu mzima.

"Akirudi simwelezi kitu," anasema. "Namsimamisha pale golini, namwambia: haya, mwone anavyovunja mstari."